Mtoto wa Siku Tatu Hajakatisha Dozi

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti yake kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na takwimu moja ikasambaa haraka: mwaka 2023, ambukizo moja kati ya kila maambukizi sita ya bakteria yaliyothibitishwa maabara duniani lilikuwa halisikii antibayotiki. Kwa Klebsiella pneumoniae, mmoja wa bakteria wanaoongoza kuua watoto wachanga hospitalini, hali ni nzito zaidi. Zaidi ya asilimia 55 ya Klebsiella waliopimwa duniani hawasikii sefalosporini za kizazi cha tatu, kundi ambalo seftriaksoni imo, na katika Kanda ya Afrika kiwango kinapita asilimia 70. Baada ya ripoti tukasikia nasaha zilezile: wananchi waache kununua dawa kiholela, wamalize dozi, wasigawane vidonge. Ni ushauri mzuri na sitaki mtu aupuuze. Tatizo ni kwamba umegeuzwa kuwa maelezo ya kila kitu, na ukiingia nao wodini unaeleza kidogo mno.

Chukua mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kilo 1.6, amelazwa wodi ya watoto wachanga. Siku ya tatu haonyeshi homa. Joto lake linashuka, anaacha kunyonya, ngozi inapauka. Damu mililita moja inachukuliwa na kuoteshwa, na baada ya siku mbili jibu linarudi: Klebsiella, hasikii ampisilini, hasikii jentamisini, hasikii seftriaksoni. Mtoto huyu hajawahi kununua kidonge dukani wala kukatisha dozi. Hata kama mama yake alichomwa sindano moja ya kinga kabla ya upasuaji, sindano hiyo haiwezi kuunda jeni nne au tano za usugu ndani ya siku tatu. Usugu ulikuwapo wodini kabla yake, ukamkuta. Hoja yangu ni hii: ndani ya hospitali, sehemu kubwa ya usugu haizaliwi upya kwa kila mgonjwa. Unafika ukiwa umeshaundwa, na unafika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukoo mmoja wa bakteria kupita kutoka kitanda hadi kitanda. Ya pili ni jeni zenyewe kuhama kutoka ukoo hadi ukoo, hata kutoka spishi moja ya bakteria hadi nyingine. Njia ya kwanza tunaifuatilia kwa shida. Ya pili karibu haionekani kabisa kwenye daftari la maabara, na ndiyo inayotuzidi ujanja.

Wajapani waliliona jambo hili mapema kuliko wengi. Katika miaka ya 1950 wagonjwa wao wa kuhara damu walianza kutoa Shigella, bakteria wa ugonjwa huo, wasiosikia dawa nne kwa pamoja: salfonamidi, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Kama usugu ungekuwa unatokana tu na mabadiliko ya bahati ndani ya bakteria, dawa moja baada ya nyingine, kuzipata zote nne kwa mkupuo kungekuwa jambo la nadra sana. Zaidi ya hapo, tumboni mwa wagonjwa haohao walikutwa E. coli, bakteria wa kawaida wa utumboni, wenye usugu uleule. Mwaka 1959 watafiti wakaonyesha kwamba ukiwaweka pamoja E. coli sugu na Shigella anayesikia dawa, Shigella anatoka akiwa na usugu wa dawa zote nne. Kilichohama kilikuwa plasmidi: duara dogo la DNA linaloishi ndani ya bakteria pembeni ya kromosomu yake na kujinakili lenyewe.

Namna plasmidi inavyohama inafaa kueleweka vizuri, kwa sababu kila kosa la wodini linaanzia hapo. Bakteria mwenye plasmidi huchomoza uzi mwembamba, humnasa jirani na kumvuta hadi wagusane. Kimeng'enya hukata uzi mmoja kati ya nyuzi mbili za plasmidi mahali maalumu, na uzi huo hupenyezwa kupitia mfereji hadi kwa jirani. Kisha kila upande hujaza uzi unaokosekana. Mtoaji hapotezi kitu. Ni sawa na mtu kumchongea mwenzake ufunguo huku wake ukibaki mfukoni. Kwa plasmidi nyingi kazi yote huchukua dakika chache, na aliyepokea anaweza kumpa mwingine. Plasmidi iitwayo pOXA-48, inayobeba jeni ya kuvunja karbapenemu (kundi la antibayotiki ambamo meropenemu imo), ina herufi za DNA takribani 65,000 tu, ilhali kromosomu ya Klebsiella ina zaidi ya milioni tano. Mzigo ni mdogo, uchukuzi ni rahisi. Isitoshe, kipande kilichobeba jeni ya usugu kilipojichomeka kwenye pOXA-48 kiliharibu jeni iliyokuwa ikizuia uhamaji, na plasmidi hiyo ikawa inahama makumi ya mara zaidi kuliko ndugu zake.

Jeni nayo haikai imetulia ndani ya plasmidi. Mara nyingi imefungwa ndani ya transposoni, kipande cha DNA kinachoweza kuruka kutoka plasmidi moja hadi nyingine, au kutoka plasmidi hadi kromosomu. Jeni ya KPC, nayo ya kuvunja karbapenemu, iliyogunduliwa kwanza katika kimelea kilichochukuliwa North Carolina, Marekani, mwaka 1996, husafiri ndani ya transposoni iitwayo Tn4401. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia KPC ilionekana mwaka 2007. Watafiti waliposoma DNA za vimelea vilivyokusanywa miaka iliyofuata, na kuchapisha matokeo mwaka 2016, walikuta jeni ileile ndani ya spishi nyingi, ndani ya plasmidi nyingi zisizofanana, kwa sababu Tn4401 ilikuwa imeruka mara nyingi. Kwa hiyo mzigo, yaani jeni, umo kikapuni, yaani kwenye plasmidi; kikapu kimo kichwani kwa mchukuzi, yaani bakteria, na mchukuzi amepanda chombo, yaani mgonjwa, mkono au bomba. Ukimkamata mchukuzi mmoja, kikapu kinaweza kuwa kimeshakabidhiwa kwa mwingine. Na hata ukikikamata kikapu, mzigo unaweza kuwa umeshahamishiwa kikapu kingine.

Wapo wataalamu wanaosema nalitia chumvi suala la jeni kuhama, na hoja yao ina uzito. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 ulisoma DNA za Klebsiella zaidi ya 1,700 kutoka hospitali 244 katika nchi 32, na ukaonyesha kwamba karibu asilimia 70 ya waliobeba jeni za kuvunja karbapenemu walitoka koo nne tu (kila ukoo hupewa herufi ST na namba): ST11, ST15, ST101 na ST258 pamoja na tawi lake ST512. Kadiri hospitali zilivyokaribiana, ndivyo vimelea vyao vilivyofanana. Kwa maneno mengine, bakteria wenyewe walikuwa wakitembea. Kwetu pia, utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta ukoo wa ST14 wenye CTX-M-15, jeni ya kuvunja sefalosporini kama seftriaksoni, ukitawala katika maambukizi ya damu ya watoto wachanga. Anayesema "dhibiti ukoo" ana ushahidi mkononi.

Lakini nenda Kilifi, pwani ya Kenya. Huko watafiti walisoma DNA za Klebsiella 198 waliosababisha maambukizi makali kati ya mwaka 2001 na 2011. Walichokiona ni koo nyingi mno, huku CTX-M-15 ikijitokeza katika koo tofauti na kuongezeka kadiri miaka ilivyopita. Ukitafuta mkosaji mmoja hapo humpati, maana jeni imepata wenyeji wengi. Picha iliyo wazi kuliko zote naiona kwenye utafiti wa Hospitali ya Ramón y Cajal, Madrid, uliochapishwa mwaka 2021, ambao uliwachunguza wagonjwa zaidi ya 9,000 waliolazwa ndani ya miaka miwili kwa kuchukua sampuli za haja kubwa. Plasmidi ya pOXA-48 ilikuwa ikivuka kutoka mgonjwa hadi mgonjwa hasa ikiwa ndani ya koo chache za Klebsiella. Ikishafika tumboni kwa mgonjwa mpya, ikawa inahamia kwa E. coli na bakteria wengine wanaoishi humo siku zote. Klebsiella wageni huweza kutoweka baada ya muda. Plasmidi ikabaki na wenyeji. Kwa hiyo koo na jeni si nadharia mbili zinazopigana. Ukoo ni basi la kwenda mkoani, jeni ni abiria anayeshuka na kupanda daladala. Mpango unaoangalia basi peke yake utampoteza abiria kituoni.

Na abiria huyo habebi usugu peke yake. Mwaka 2016 huko Hangzhou, China, wagonjwa watano waliofanyiwa upasuaji na kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi walikufa kwa Klebsiella wa ukoo wa ST11. Ukoo huo ulikuwa tayari hausikii karbapenemu, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ulikuwa umepokea plasmidi kubwa, takribani herufi 170,000, yenye jeni za ukali wa ugonjwa. Kabla ya hapo tulizoea kudhani kwamba Klebsiella wakali ni wa mtaani na wanasikia dawa, na Klebsiella sugu ni wa hospitalini na hushambulia waliodhoofu tu. Mpaka huo umebomoka. Julai 2024 WHO ilitoa tahadhari kuhusu ukoo wa ST23, wakali tangu asili, ambao sasa wanakutwa na jeni za kuvunja karbapenemu katika kanda zote sita za WHO.

Jeni zinabadilishana wapi hasa? Mahali pa kwanza ni utumbo, ambako gramu moja ya kinyesi ina bakteria wapatao bilioni mia moja. Mahali pa pili ni penye unyevu usiokauka: kiwiko cha bomba la sinki, mrija wa kufyonza makohozi, chupa ya maji ya kuongezea unyevu kwenye oksijeni, ndoo ya kudekia. Watafiti wa Virginia walijenga maabara ya masinki ili kulijua hilo. Waliweka E. coli wanaong'aa kwenye kiwiko cha bomba chini ya sinki na kuwalisha. Utando wa bakteria ukapanda ukutani mwa bomba kiasi cha sentimita 2.5 kwa siku, ukafika kwenye chujio la sinki ndani ya wiki moja, na hapo maji ya koki yalipoangukia chujio, matone yenye bakteria yaliruka hadi sentimita 76 hivi. Chakula chao kwenye jaribio ndicho tunachowapa sisi kila siku: mabaki ya dekstrozi, maziwa ya mtoto, chai ya mgonjwa. Kumwaga mabaki ya dripu ya antibayotiki kwenye sinki la kunawia ni kubaya zaidi, kwa sababu unawalisha na kuwachuja kwa wakati mmoja. Wasio na jeni ya usugu wanakufa na wenye nayo wanabaki na nafasi. Sinki la kunawia liwe la kunawia tu. Meza ya kuchanganyia dawa na maziwa ikae angalau mita moja kutoka hapo au iwekewe ukingo, na koki isielekee moja kwa moja kwenye tundu la chujio. Hospitali zinazotumia ndoo yenye koki na beseni zisidhani zimeepuka. Beseni la majitaka likikaa kutwa na kumwagwa karibu na vitanda, limefanya kazi ileile ya bomba.

Mikono ndiyo inayounganisha sehemu hizi, na hapa uhaba umekuwa kisingizio kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Kitakasa mikono cha fomula ya WHO hutengenezwa na famasia ya hospitali yenyewe. Kwa lita 10 unahitaji ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, na gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha unajazia maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi lita 10. Inakaa saa 72 kabla ya kutumika, ili peroksaidi iue chembe za bakteria zilizojificha kwenye chupa au kwenye alkoholi. Nimeorodhesha vipimo kwa sababu makosa yako humo: alkoholi hupunguzwa ili idumu, gliserini huongezwa hadi mikono ikanata na wauguzi wakaiacha, na zile saa 72 hurukwa siku ambayo stoo imekauka. Kosa jingine ni kujazia chupa juu ya mabaki bila kuiosha, hasa ya sabuni ya maji, ambayo yenyewe inaweza kuwa makao ya bakteria. Klorini nayo ina siri yake. Jiki ya asilimia 3.5 ikichanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji hutoa asilimia 0.5, lakini ukiimwaga juu ya damu au kinyesi inaishia kupambana na uchafu huo badala ya bakteria. Kifutwe kwanza, kisha klorini, na mchanganyiko uwe wa siku hiyo.

Sasa nirudi kwenye hoja ya matumizi ya dawa, maana ndiyo inayosikika zaidi. Sikatai kwamba antibayotiki ndizo zinazompa bakteria sugu nafasi ya kutawala. Mgonjwa anayepewa seftriaksoni siku saba bila sababu anafyekewa bakteria wake wa kawaida, na mbeba plasmidi anabaki na shamba tupu. Kupunguza dawa zisizo na sababu ni lazima. Ninachokipinga ni toleo dhaifu la hoja hiyo, linalosema tukiacha kutumia dawa fulani usugu wake utaondoka wenyewe. Uingereza ilifanya jaribio hilo bila kulipanga. Matumizi ya salfonamidi yaliporomoka kutoka maagizo 320,000 ya daktari mwaka 1991 hadi 7,000 mwaka 1999. Katika hospitali moja kubwa ya London, E. coli wasiosikia salfonamidi walikuwa asilimia 39.7 mwaka 1991. Mwaka 1999 walikuwa asilimia 46. Dawa iliondoka, usugu ukabaki. Jeni ya salfonamidi ilikuwa imekaa kwenye plasmidi pamoja na jeni za usugu wa dawa nyingine zilizoendelea kutumika, na kila mgonjwa aliyepewa hizo nyingine alikuwa anailinda hiyo moja.

Kwetu jambo hili lina sura yake. Plasmidi zinazobeba CTX-M-15 mara nyingi hubeba pia jeni za kushinda jentamisini, siprofloksasini kwa kiasi fulani, tetrasaiklini na kotrimoksazoli, ile ambayo wengi huiita septrini. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI hunywa septrini kila siku kwa kinga, na dawa hiyo imeokoa maisha mengi. Sitetei kuwanyima hata siku moja. Lakini maana yake ni kwamba ukifunga kabati la seftriaksoni peke yake, plasmidi inayoishinda seftriaksoni bado inapata chakula kutoka mlango mwingine. Plasmidi nyingine zina silaha ya ziada: hutengeneza sumu inayodumu na kinga isiyodumu, kwa hiyo mtoto wa bakteria atakayezaliwa bila plasmidi hufa. Plasmidi ya namna hiyo haihitaji dawa yoyote ili ibaki.

Hoja nyingine dhaifu naisikia kutoka ndani ya hospitali zenyewe. Mwezi mmoja wodi inapata E. coli sugu kitanda cha pili, Klebsiella sugu kitanda cha tano, Enterobacter sugu kitanda cha saba. Mtu anafungua daftari na kusema hakuna mlipuko, maana spishi ni tatu tofauti. Huo ndio uelewa unaotakiwa kubadilika. Ikiwa wote watatu hawasikii seftriaksoni, jentamisini na septrini, huku wote watatu wakisikia amikasini, inawezekana wodi ina plasmidi moja inayopanda wachukuzi tofauti. Haijathibitika, kwa sababu mchanganyiko huo wa usugu umeshakuwa wa kawaida na kila mmoja anaweza kuwa alikuja nao kutoka nje. Hospitali ya utafiti ya NIH, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya, huko Maryland, Marekani, ilijifunza pande zote mbili. Mwaka 2011 mgonjwa mmoja aliyetoka hospitali ya New York aliingia na Klebsiella mwenye KPC, na licha ya kutengwa, mlipuko ulifikia wagonjwa 18, yeye akiwamo. 11 walikufa, sita kati yao kwa sababu ya maambukizi hayo. Kusoma DNA ya bakteria kulionyesha mnyororo ulioanzia kwa mgonjwa wa kwanza, ingawa kati ya kuruhusiwa kwake na kugunduliwa kwa wa pili zilipita wiki tatu. Baadaye, mwaka 2014, walipozisoma plasmidi nzimanzima kwa mashine za kusoma vipande virefu vya DNA, waliona pia kwamba baadhi ya wagonjwa wenye KPC walikuja nayo wenyewe kwa plasmidi tofauti. Ufuatiliaji wa plasmidi humkamata mhalifu na humwachia asiye na hatia.

Nitaambiwa kwamba mashine hizo hatuna. Kweli, hospitali nyingi hazina, na zilizo nazo hukosa vitendanishi. Lakini kabla ya mashine kuna hatua tunazoziruka. Ya kwanza ni daftari: kila Jumatatu mtu mmoja wa maabara aorodheshe bakteria wote wa wiki nne zilizopita wasiosikia seftriaksoni au meropenemu, kwa wodi, tarehe na dawa wanazosikia, bila kutenganisha spishi. Spishi mbili au zaidi zenye mpangilio mmoja wa usugu katika wodi moja ni sababu ya kwenda kuangalia sinki, dripu na mirija. Chupa ya dekstrozi inayochomwa sindano mara kumi kwa watoto kumi iangaliwe ya kwanza.

Hatua ya pili ni kipimo cha mCIM, cha kutambua kama bakteria anatengeneza kimeng'enya cha kuvunja karbapenemu. Mtaalamu huchukua bakteria kwa kitanzi cha mikrolita 1, huwakoroga kwenye mililita 2 za TSB, mchuzi wa kukuzia bakteria, hutumbukiza diski ya meropenemu ya mikrogramu 10, na kuacha saa nne kwenye nyuzi 35. Kisha huitoa, huikamua maji kwenye ukingo wa mrija, na kuiweka juu ya agari (jeli ya kukuzia bakteria) ya Mueller-Hinton iliyopandwa E. coli wa kudhibiti, ATCC 25922. Kesho yake anapima upana wa duara ambamo bakteria hawakuota kuzunguka diski. Milimita 6 hadi 15: dawa imevunjwa, kimeng'enya kipo. Milimita 19 na kuendelea: hakipo. Katikati ya hapo, rudia. Kinachoharibu kipimo hiki mara nyingi ni joto. Meropenemu huchakaa nje ya jokofu, na diski iliyokaa mezani tangu asubuhi itakwambia "kimeng'enya kipo" hata kama hakipo. Ndiyo maana kila safari lazima uweke bakteria mmoja unayejua anacho na mmoja unayejua hana.

Hatua ya tatu inaweza kufanywa na maabara ya kanda au ya chuo. Unamchanganya bakteria wa mgonjwa na E. coli J53, wa maabara, ambaye hadhuriki na sodiamu azidi, unawaacha usiku kucha, kisha unawapanda kwenye agari yenye azidi na sefotaksimu. Bakteria wa mgonjwa anauawa na azidi, J53 mtupu anauawa na sefotaksimu. Kitakachoota ni J53 aliyepokea plasmidi. Ukiona hivyo kwa bakteria wa vitanda vyote vitatu, unajua kwamba usugu wa wodi yako unahama, na unajua ni sampuli zipi zinastahili kugharimiwa usomaji wa DNA.

Je, kudhibiti njia hizi kunazaa matunda? Israeli inatoa jibu. Kufikia mwisho wa Machi 2007, wagonjwa 1,275 katika hospitali zake 27 walikuwa wamepatwa na bakteria wa matumbo wasiosikia karbapenemu, hasa ukoo mmoja wa Klebsiella. Wizara ya afya haikuanza na kabati la dawa. Iliagiza kila hospitali iripoti wabebaji wote, iwatenge, na iwape wauguzi wao wasiohudumia wengine, huku kikosi cha kitaifa kikipita kukagua. Matukio mapya yalishuka kutoka 55.5 kwa kila siku 100,000 za kulazwa hadi 11.7 kufikia Mei 2008. Najua kwamba wodi yenye muuguzi mmoja kwa watoto thelathini haiwezi kumtengea mtoto mmoja muuguzi wake. Inaweza kuwapanga wabebaji upande mmoja wa chumba, na kuwa na mirija, vipimajoto na mikanda ya kupimia shinikizo isiyovuka upande wa pili. Inaweza pia kuwahudumia wa mwisho katika mzunguko.

Kuna maana kubwa zaidi kwa namna tunavyopanga fedha. Mipango yetu ya kitaifa ya kupambana na usugu, ukiwamo wa Tanzania ulioanza mwaka 2017, inataja kinga na udhibiti wa maambukizi, lakini mtaani kinachoonekana ni mabango ya kumaliza dozi. Bango halizibui bomba wala haliongezi muuguzi wa zamu ya usiku. Mzazi aliyepoteza mtoto kwa Klebsiella sugu akiambiwa kwamba wananchi wanatumia dawa vibaya, amebebeshwa lawama isiyo yake.

Na kuna rufaa. Mgonjwa anatoka hospitali ya wilaya kwenda ya mkoa, kisha ya kanda, wengine hadi India, na kurudi kwa njia hiyohiyo. Jeni ya NDM, nayo ya kuvunja karbapenemu, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 2009 kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa amelazwa New Delhi, ilikwishakuwapo Nairobi katika Klebsiella waliokusanywa miaka hiyohiyo, na ikaripotiwa mwaka 2011. Hakuna nchi ya kunyoshewa kidole, maana kila hospitali ni ya kutuma na ya kupokea. Fomu ya rufaa ina nafasi ya jina, umri, ugonjwa na dawa alizopewa mgonjwa. Iongezwe mistari miwili: je, amewahi kukutwa na bakteria sugu, wa spishi gani, hasikii dawa zipi, sampuli ya tarehe gani, na je, amelazwa hospitali nyingine ndani ya miezi 12 iliyopita. Akijibu ndiyo kwa lolote, achukuliwe sampuli ya haja kubwa siku ya kwanza, na hadi jibu litoke kitanda chake kiwe cha mwisho kwenye mzunguko, mbali na sinki na mbali na wodi ya watoto wachanga.